Ajue kwa nini: kisasi, hasira na pesa ya mchezo

Huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, ukisikia matarumbeta mchana wa katikati ya wiki usidhani moja kwa moja kuwa ni harusi. Toka uangalie. Kama wanawake wamevaa khanga za sare, wamezifunga kiunoni, na wanaume wamejisogeza pembeni kabisa, basi kuna mtu anakwenda kusutwa.

Kwa ambaye hakulelewa uswahilini, nieleze. Mtu amemsema mwenzake: kamtangazia ugonjwa, kadai mtoto si wa mume, au kamzulia wizi. Aliyesemwa hanyamazi. Anachangishana na mashoga zake, wanakodi ngoma au matarumbeta, wananunua khanga yenye maneno yanayochoma, wanaongozana mpaka mlangoni kwa msemaji. Hapo anaitwa kwa jina lake atoke nje. Anaulizwa mbele ya kadamnasi: ulisema, hukusema? Ulimwambia nani? Shahidi huyu hapa. Akikana anabanwa, akikiri anaimbiwa.

Nimeona watu wakisutwa tangu nilipoolewa mtaa huu, na kuna jambo ambalo limenishangaza kila mara. Msutwaji akitoka, akasimama, akajibu hata kama ni kwa kufoka, wanawake wanarudi makwao wamechangamka. Akijifungia ndani, hata matarumbeta yalie mpaka Magharibi, wanarudi wamenuna. Aibu ni ileile, mtaa mzima umesikia, khanga imeonekana. Lakini hawajaridhika. Nimelifikiria sana jambo hili tangu nilipodhulumiwa mwenyewe.

Tulikuwa wanawake ishirini kwenye mchezo wa upatu, elfu hamsini kwa wiki, kila mtu na namba yake. Anayepokea anaondoka na milioni moja. Wote ni watu wa biashara ndogondogo: mama lishe, msusi, muuza vitumbua, na mimi na blauzi zangu za mtumba ninazozifuata soko la Karume alfajiri. Kijumbe wetu, yaani mwenye kukusanya na kugawa pesa, alikuwa jirani na rafiki, mtu aliyenipikia uji nilipojifungua kitinda mimba wangu. Ilipofika namba yangu, simu yake ikawa haipatikani. Ukimuuliza mwanawe, anasema mama kaenda kijijini kuuguza. Ile milioni nilishaipangia balo la mtumba, na mwenye balo nilishampa ahadi.

Sitaki kuipunguza hasira niliyokuwa nayo. Naosha vyombo huku namjibu. Natundika blauzi kwenye henga huku namjibu. Usiku nashtuka usingizini nikiwa katikati ya maneno makali, yaliyopangika vizuri kuliko ninavyoweza kusema mchana. Kichwani mwangu alikuwa akishindwa kila mara, na kila akishindwa nilianza upya.

Mambo haya yamechunguzwa na watu, nami nimeyasoma kitabuni. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alitoa utafiti uliohusu wanafunzi 600 wa chuo. Waliandika insha, wakarudishiwa maoni ya kuwadhalilisha, wakakasirika. Kisha kundi moja likapewa mfuko wa ndondi liupige huku likimfikiria aliyewaudhi. La pili likaupiga likiwaza mazoezi na afya. La tatu likakaa kimya kwa dakika chache. Nani angepoa? Sisi tunaambiana kila siku, toa hasira shoga, usiiweke moyoni. Basi waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote, na walipopewa nafasi ya kumuumiza, wao ndio waliokuwa wakali zaidi. Waliokaa kimya walikuwa wapole kuliko wote.

Kwa hiyo zile hotuba zangu za usiku hazikuwa zikiitoa hasira. Zilikuwa zikiilisha.

Ambao hatujapokea tulikutana kibarazani kwa shoga yangu msusi. Njia zilizotajwa zilikuwa tatu, na mtu yeyote wa Pwani anaweza kuzitaja bila kuambiwa: kumsuta, kumsomea albadiri, kile kisomo cha kumwapiza aliyedhulumu, au kwenda serikali ya mtaa.

Albadiri niliikataa pale pale, na sikuikataa kwa sababu siiamini au naidharau. Naogopa inachomfanyia anayeisomesha. Nimeona mtaani kwetu watu walioibiwa pikipiki wakasomesha, halafu mtoto wa mtuhumiwa akapata homa, homa ya kawaida ya masika, na watu wazima wakaanza kuitana, "Imeshampata." Walikuwa wanafurahi. Wanaume na wanawake wenye watoto wao wanafurahia joto la mwili wa mtoto wa miaka mitatu. Sikutaka kukaa dirishani nikisubiri kusikia mtoto gani wa kijumbe anaumwa. Watoto wale wamekula nyumbani kwangu.

Kusuta kulipata watu. Nami nakiri kwamba nilipowasikia wakipanga, mwili wangu wote ulisisimka, kwa sababu wazo la kulipa kisasi ni tamu. Hili nalo limepimwa. Mwaka 2004, kule Zurich, Uswisi, Dominique de Quervain, Ernst Fehr na wenzao waliwachezesha watu mchezo wa pesa unaofanana na upatu. Unampa mwenzako pesa zako kwa kumwamini, pesa zinaongezeka mkononi mwake, yeye anaamua kukurudishia fungu au kula zote. Aliyedhulumiwa alipopewa nafasi ya kumwadhibu mla pesa, mashine inayopiga picha ya ubongo ilionyesha kuwa sehemu inayochangamka ni ileile inayohusika na kutazamia kitu kizuri. Na ambao sehemu hiyo ilichangamka zaidi ndio waliokuwa tayari hata kutoa pesa yao ya ziada ili adhabu ifike.

Utamu huo, hata hivyo, ni wa kabla. Kevin Carlsmith, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walichapisha utafiti mwingine mwaka 2008, nao ulikuwa wa mchezo wa pesa. Kila mmoja achangie kwenye kapu la wote, wote wafaidike. Mmoja anawahimiza wenzake wachangie, kisha yeye anazuia zake. (Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini, maana kijumbe wetu ndiye aliyekuwa akitupigia simu asubuhi, "Jamani leo ni siku ya mchezo, msicheleweshe.") Baadhi waliruhusiwa kumtoza faini yule mjanja, wengine hawakupewa nafasi hiyo. Wote waliamini kwamba kulipiza kunaleta nafuu. Ilivyokuja kuwa, waliolipiza ndio waliojisikia vibaya zaidi, na ndio walioendelea kumwaza yule mtu. Wasiopata nafasi waliishia kuendelea na mambo yao, huku wakiamini kwamba wangelipiza wangefurahi.

Jambo la kumwaza ndilo kubwa kwangu. Mtu akikudhulumu na usifanye kitu, iko siku balo litafunguliwa, wateja watajaa, utamsahau kwa saa nzima. Ukishamlipizia, sasa kuna hadithi mbili za kufikiria, aliyokufanyia na uliyomfanyia, na ile ya pili inahitaji kutetewa kila siku.

Wenzangu walikwenda. Kijumbe alikuwa amerudi usiku, wakapata habari, wakakodi matarumbeta. Khanga yao ilikuwa na maneno "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Mimi sikuwemo, nilisimama kwa jirani nikaona. Kijumbe hakutoka. Aliyetoka ni binti yake wa kidato cha pili, bado amevaa sare ya shule, soksi moja imeshuka mpaka kwenye kiatu. Akasema, "Shikamooni mama zangu. Mama hayupo." Hakuna aliyeitikia ile shikamoo. Wakaanza kuimba, na kwa kuwa mlangoni hapakuwa na mtu mwingine, wakamwimbia yeye. Alisimama ameshika kitasa cha mlango, anatazama viatu vyake, mpaka mama mmoja mtu mzima alipotoka nyumba ya pili akamshika mkono akamwingiza ndani.

Kuanzia siku ile mtaa uligeuka. Tuliokuwa tumedhulumiwa tukawa "wale waliomwimbia mtoto", hata mimi ambaye sikuimba. Kijumbe alianza kutembea ameinua kichwa. Alikuwa akiwaambia watu dukani kwamba amedhalilishwa, kwamba familia yake imevunjiwa heshima kwa ajili ya vijisenti, na kwamba kama ni deni, basi deni limeshalipwa kwa aibu. Matarumbeta yale yalimpa risiti.

Wazee walishasema, mtenda akitendewa huhisi kaonewa. Roy Baumeister na wenzake walilichunguza jambo hilihili mwaka 1990. Waliwaomba watu waandike visa viwili vya maisha yao, kimoja walipoudhiwa na kimoja walipomuudhi mtu. Watu ni walewale, lakini maandishi hayafanani. Anayeandika akiwa ameudhiwa anaeleza jambo refu, lenye historia, ambalo uchungu wake unaendelea mpaka leo. Anayeandika akiwa yeye ndiye mkosaji anaeleza tukio moja fupi, lililokuwa na sababu zake, na ambalo limeshakwisha. Kwa hiyo wewe unapolipiza ukiona unasawazisha, mwenzako anaona unaanza ugomvi mpya kwa jambo la zamani. Kila upande unahesabu kuanzia mahali pake. Hivi ndivyo koo zinavyoweza kuuana kwa ng'ombe vizazi kwa vizazi, na kila ukoo ukaapa kuwa wao wanajibu tu.

Turudi kwenye lile la matarumbeta na kununa. Kule Ujerumani, Mario Gollwitzer na wenzake walitaka kujua ni lini hasa kisasi kinamridhisha mtu. Matokeo yao ya mwaka 2011 yanaeleza mambo ninayoyaona hapa mtaani. Kumwona mkosaji akipata hasara hakutoshi. Mlipizaji aliridhika pale mkosaji alipotuma ujumbe unaoonyesha ameelewa: nimepata haya kwa sababu nilikufanyia yale. Asipoelewa, au akijifanya yeye ndiye aliyeonewa, kisasi kilikuwa hakina ladha.

Ndiyo maana wanataka atoke nje. Ndiyo maana swali la kwanza ni "ulisema, hukusema?" Watu wanaokwenda na ngoma mlangoni kwa mtu wanaonekana wametafuta aibu yake, lakini wanachokitaka hasa ni jibu lake. Mtu aliyedhulumiwa ana upweke wa ajabu: yeye peke yake ndiye anayejua uzito wa alichofanyiwa, na aliyekifanya anapita barabarani kama kwamba hakuna kilichotokea. Tunataka akione tunachokiona. Kwa bahati mbaya, ukimjia mtu na matarumbeta na watu hamsini, umemwondolea uwezo wa kuona chochote isipokuwa matarumbeta na watu hamsini.

Mimi nilikwenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti alimwita kwa barua, na mara ya kwanza hakuja. Alipokuja alikaa upande wa pili wa meza, buibui limemfunika mpaka kwenye paji la uso, na akaanza kama nilivyotarajia: hali ngumu, kuuguza, kudhalilishwa. Mwenyekiti ni mzee mtulivu. Akamwambia, "Mama, hayo tutayafikia. Umekuja na daftari?" Alikuwa nalo. Daftari la kurasa 96, jalada limechakaa, majina yetu ishirini yamepangwa kwa kalamu ya bluu na alama za vyema kila wiki. Mwenyekiti akamwambia asome mwenyewe. Akaanza juu, jina kwa jina, nani kachangia, nani kapokea. Alipofika kwenye jina langu aliweka kidole, akapitisha kwenye mstari, vyema vyote vipo, hata wiki niliyofiwa na kaka yangu nilituma kwa simu. Kidole kikafika mwisho wa mstari, kwenye kijisanduku cha kupokea, kitupu. Akanyamaza. Halafu akasema, "Hii yako niliichukua mimi. Nilikuwa na marejesho ya kausha damu, wakaja kuchukua friji na televisheni, nikawapa hii."

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, tunaijua wote, na sijaileta hapa ili kumtetea. Alikuwa na mdomo, angetuambia. Ninachotaka kusema ni kwamba sentensi ile, "hii yako niliichukua mimi", ilinitua kitu kifuani kabla hajalipa hata shilingi. Nilishinda siku ile bila kumjibu kichwani. Hakuadhibiwa, hakulia, hakuombwa apige magoti. Alisema tu alichokifanya, kwa mdomo wake, mbele yangu na mbele ya shahidi.

Ndipo wakaja watu wa samehe.

Nawaheshimu, wengi ni watu wazima na wana nia njema. Mama mkwe wangu ni mmojawao: "Mwanangu, samehe, dunia mapito." Lakini naona namna tunavyolitumia neno hili kwa wanawake, na inaniumiza. Mke anapigwa, anaambiwa samehe, ndoa uvumilivu. Msichana anaharibiwa na ndugu wa nyumbani, kikao kinakaa, anaambiwa samehe tusiivunje familia. Aliyekosa hajafungua mdomo, na aliyekosewa tayari amepewa kazi ya kufanya. James McNulty alifuatilia wanandoa wapya wa Marekani kwa miaka minne ya mwanzo ya ndoa, na mwaka 2011 akaandika alichokiona: kwa wale waliokuwa wepesi wa kusamehe, ukali wa wenzi wao uliendelea vilevile, wakati kwa waliokuwa wagumu kidogo ulipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Hapo hapahitaji maelezo yangu.

Hata Kitabu hakituharakishi hivyo. Sura ya Ash-Shura, aya ya 40, inasema malipo ya uovu ni mfano wake, na anayesamehe na kusuluhisha ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Kusamehe kumewekwa pamoja na kusuluhisha, na kusuluhisha kunahitaji watu wawili na jambo lililosemwa wazi. Aya inayofuata inasema asilaumiwe anayejitetea baada ya kudhulumiwa. Wanaotuhubiria msamaha wangetusomea zote mbili.

Mtu aliyenisaidia kuelewa kusamehe ni Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa akitafiti msamaha kwa miaka, kisha usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1996 mama yake mzazi akauawa nyumbani kwake, Tennessee, na mtu aliyevunja nyumba. Anasimulia kwamba alitamani awe peke yake na muuaji yule, na gongo mkononi. Mtaalamu wa msamaha! Baadaye alisamehe, na anatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Upo msamaha wa uamuzi, pale unapoamua kwamba hutamdhuru na hutamtafutia baya. Na upo msamaha wa moyo, pale uchungu wenyewe unapobadilika, na huo una safari yake. Robert Enright naye, aliyeufundisha na kuutafiti msamaha kwa muda mrefu Chuo Kikuu cha Wisconsin, anasisitiza kwamba kumsamehe mtu si lazima mrudiane, na wala hakukunyimi haki yako.

Kwa hiyo naweza kusema niko wapi bila kudanganya. Uamuzi nimeufanya. Sitamsuta, sitamsomea, sitalitaja jambo hili mbele ya wanawe. Binti yake akinisalimia namwitikia na kumuuliza shule. Moyo bado. Wiki nyingine umepoa kabisa, wiki nyingine nikipita Karume nikaona mwenzangu anafungua balo la blauzi nzuri, natetemeka mikono. Siulazimishi. Nikijikuta nimeanza kumjibu usiku, naamka nakunywa maji, naanza kupanga bei za kesho. Ile milioni naidai yote. Analeta elfu thelathini kila Ijumaa kwa mjumbe wa serikali ya mtaa, anasaini, nami nasaini, na akikosa mwenyekiti anamwita. Wapo wanaoniambia kama umesamehe kwa nini unadai. Nadai kwa sababu ni yangu, na kwa sababu nikimwachia, atabaki anaamini kwamba deni lilifutwa na wale wanawake na matarumbeta yao.

Mchezo mpya unaanza baada ya mfungo. Safari hii kijumbe ni wawili, na pesa zinaingia kwenye simu ya mmoja huku namba ya siri anayo mwingine. Yule kijumbe wa zamani amenitumia mtu, anaomba awemo, hata namba ya mwisho kabisa. Sikumjibu kupitia mtu. Nilikwenda kwake jioni, nikabisha hodi, akatoka mwenyewe. Nikamwambia, "Jirani, safari hii hapana. Uliichukua zamu yangu na deni halijaisha. Likiisha, njoo uniulize tena."

Akasema, "Nimekusikia." Tukaulizana hali za watoto, nikaenda zangu.